Jinsi nilivyohakiki muda wa picha katika majaribio ya macho, Lamu

Nilipotaka kupima uwezo wa wavuvi wa Lamu kutambua tofauti ndogo za mwangaza, nilichagua PsychoPy, programu ya kuonyesha picha na kurekodi majibu ya washiriki, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, kwa kuwa ni ya bure na hutumia lugha ya kompyuta ya Python ninayoifahamu. Programu hiyo, sawa na nyingine ya aina hiyo iliyoitangulia, Psychtoolbox, haioni mwanga unaotoka: hupeleka picha, husubiri skrini ijichore upya, kisha huandika saa. Skrini ya hezi 60 (yaani michoro 60 kwa sekunde) hujichora kila baada ya milisekunde 16.7, kwa hiyo picha yangu ya milisekunde 100 ilihitaji fremu, yaani michoro ya skrini, 6 kamili. (Anayetaka milisekunde 40 kwenye skrini kama hiyo hazipati, atapata 33 au 50.)

Chumba nilichopewa mtaa wa Mkomani kilifaa, maana kuta zake nene za mawe ya matumbawe zilizuia jua. Tatizo lilikuwa umeme. Ulipokatika kazi ikiendelea, kompyuta iliingia kwenye betri, na mzee mmoja aliyekuwa akitazama akasema, "Mwanangu, hizi za sasa zakaa kuliko za mwanzo." Kumbukumbu za programu zilionyesha fremu 6 kwa kila picha, lakini macho yaliyozoea kutafuta miamba chini ya maji si ya kupuuzwa.

Fundi wa redio aliniungia kihisi mwanga kwenye waya wa maikrofoni. Nilikibandika pembeni mwa skrini, mahali ambapo kijiraba cheupe kiliwaka pamoja na kila picha, na kompyuta ya pili ikarekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, vipimo 44,100 kila sekunde. Tundu la maikrofoni hupitisha mabadiliko tu, hivyo rekodi huonyesha mruko wa juu kijiraba kinapowaka na wa chini kinapozimika, na umbali baina yake ndio muda wenyewe. Kwa umeme wa ukutani nilipata milisekunde 100. Kwa betri, 150. Mfumo wa kuokoa nguvu ulikuwa umeishusha skrini hadi hezi 40: fremu zilibaki 6 kweli, ila kila moja ilidumu milisekunde 25.

Nilizima uokoaji nguvu wote, ukiwemo ule unaobadilisha mwangaza kulingana na kilichomo kwenye skrini, ambao kwa kazi ya aina hii naona ni hatari zaidi kuliko hata kuchelewa, kwa sababu hauachi alama yoyote kwenye kumbukumbu. Niliondoa skrini ya ziada na kuiagiza programu iandike muda wa kila fremu. Kwa kuwa skrini huchorwa kutoka juu kwenda chini, kihisi kilichowekwa chini kilichelewa karibu fremu nzima. Nikakipandisha, pamoja na kijiraba chake, usawa wa picha.

Ulibaki mwangaza wenyewe. Thamani ya kijivu ya 128 kati ya 255 katika kompyuta haitoi nusu ya mwanga. Gama (namba inayoeleza jinsi skrini inavyogeuza thamani kuwa mwanga) ikiwa 2.2, hutoa takriban asilimia 22. Bila kipima mwanga, nilichora mistari myembamba myeusi na myeupe kwa kupokezana, ambayo kwa mbali huonekana kijivu chenye nusu ya mwanga, nikarekebisha kijivu cha kando yake mpaka vikalingana.

Matokeo yaliyopatikana kwa betri niliyatoa kwenye hesabu. Siku hizi kila kikao hutanguliwa na rekodi fupi ya kihisi, ambayo huhifadhiwa katika faili moja na majibu ya mshiriki.