Begi la kuvulia trauti: angalia mto kwanza, mifuko baadaye

Shangazi yangu aliposikia nimenunua begi la kuvulia samaki kwa bei inayoweza kununua mbuzi kule kwetu, aliniuliza samaki wenyewe wako wapi. Nikamwambia nimewarudisha mtoni. "Sasa ulienda kufanya nini?" Hadi leo sijapata jibu la kumridhisha.

Kwetu ni upande wa Nyeri, na trauti, samaki wa mito ya maji baridi, si wageni huko. Waliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akawamwaga katika mto Gura pale kwenye milima ya Aberdare. Lakini utotoni wale walikuwa samaki wa Wazungu na wa hoteli. Sisi tulipita zetu. Ilibidi nije Colorado, Marekani, nifanye kazi ya zamu za usiku ya kutunza wazee, ndipo mfanyakazi mwenzangu anipeleke mto South Platte siku ya mapumziko na kunifundisha kurusha mshipi wenye nzi bandia. Sasa ndugu zetu wa hapa Denver na Aurora wananipigia simu kuuliza wanunue begi gani. Majuzi kijana mmoja wa Tanga alinitumia picha ya begi lenye mifuko isiyohesabika. "Kaka, hili vipi?" Nikamuuliza: unavua wapi, na maji yanakufika wapi?

Maana vifaa vyenyewe havina uzito. Chukua Cheesman Canyon, korongo la mto huohuo chini ya bwawa la Cheesman, ambako napenda kwenda. Nzi wa pale ni vidudu vidogo, ndoana namba 20 hadi 24 (namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo), na kisanduku kimoja cha kutosha mfuko wa shati kinabeba mamia. Ongeza vibunda viwili vitatu vya uzi mwembamba wa mwishoni, kikata kucha cha kukatia uzi, na forsepu ya kuchomolea ndoana, ileile tunayoiona wodini. Basi. Kinachojaza begi ni maji ya kunywa, chakula na koti la mvua. Lita moja ya maji ni kilo moja, na pale Cheesman huwezi kuipunguza: unatembea karibu nusu saa kabla ya kufika mtoni, na moto wa Hayman wa 2002 uliteketeza msitu mkubwa kuzunguka bwawa, kwa hiyo kuna sehemu jua linakupiga huna pa kujificha.

Mimi hutumia mkoba wa kiunoni. Uzito unakaa kwenye nyonga, mabega yako huru, na ukitaka kitu unauzungusha mbele unakuwa meza ndogo ya kufungia nzi. Ubaya wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: ukiingia maji yakafika kiunoni, chakula chako kimelowa na simu ndiyo kwaheri. Wauzaji watakuonyesha ule usiopitisha maji kabisa. Ni mzuri, ila zipu yake ni ngumu. Piga picha: asubuhi ya Aprili, maji yanatoka chini ya bwawa yakiwa baridi kama ya friji, vidole vimekufa ganzi, ufito wa kuvulia umeubana kwapani, na zipu inadai mikono miwili, mmoja ushike na mwingine uvute. Ukiununua, nunua na mafuta yake ya kulainisha zipu, na usivisahau vile vitu vya kila dakika: kikata kucha na forsepu vining'inie nje.

Jambo jingine, na hili si la starehe. Suruali za kuingilia majini zinazofika kifuani huvaliwa na mkanda wa kiunoni uliokazwa, ili ukianguka maji yasijae miguuni. Mkanda wa begi haufanyi kazi hiyo. Vaa yote miwili, na uhakikishe klipu ya begi unaweza kuifungua kwa mkono mmoja bila kuangalia.

Begi la bega moja, lile la kuvuka kifua, vijana wanalipenda kwa kuwa lina sura nzuri. Halina neno kwa saa mbili tatu. Lakini angalia mkanda unapita bega lipi. Ukirusha kwa mkono wa kulia, unataka bega la kulia libaki wazi. Kuna mabegi yaliyoshonwa kwa upande mmoja tu, na anayetumia mkono wa kushoto ataumia. Ukiwa dukani usilipime likiwa tupu. Tia chupa ya maji iliyojaa, livae, kisha inua mkono mara kadhaa kama unayerusha. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Kizibao chenye mifuko, ambacho Mmarekani Lee Wulff husifiwa kukibuni miaka ya 1930, bado kinafaa kwa anayesimama kwenye maji marefu. Kwangu ni joto, na mifuko mingi inakualika kubeba takataka. Kibegi cha kifuani nacho kinakuzuia kuona miguu unaposhuka kwenye mawe. Mimi sikitaki.

Ukipanda kwenye maziwa ya milimani, kwa mfano ndani ya Rocky Mountain National Park, hapo hakuna ujanja, ni shanta ya mgongoni ya lita 20 na zaidi. Ufito wa futi 9 unaogawanyika vipande 4 unaingia kwenye bomba la karibu sentimita 80, kwa hiyo tafuta shanta yenye kamba za kulifunga ubavuni bomba hilo. Koti lisikose hata kama asubuhi ni nyeupe. Majira ya joto radi huja mchana huko juu, na ufito wa kaboni hupitisha umeme. Ukisikia ngurumo, laza ufito chini ushuke.

Yule wa Tanga nilimwambia atafute mkoba wa kiunoni uliotumika, avute zipu yote mwanzo mwisho na akague klipu kama haina ufa. Kitakachobaki kwenye bajeti anunue viatu vyenye soli inayoshika mawe. Ameniandikia kwamba begi amepata, viatu bado, na Jumamosi anataka twende. Nimemwambia bila viatu atavulia ukingoni.