Santuri ya Siku ya Mgomo

Oktoba 2004 jiji la Lagos lilisimama. Shirikisho la wafanyakazi lilikuwa limeitisha mgomo wa siku nne kupinga bei ya petroli, na pale Surulere, nilipopanga chumba kwa wazee wawili wa Kiyoruba wakati wa mafunzo yangu ya kazi, hakuna danfo iliyopita barabarani. Danfo ndiyo daladala yao, basi dogo la njano ambalo kwa kawaida halikuachi ulale. Siku ile tulisikia kuku wa jirani.

Mwenye nyumba tulimwita Daddy, kama vijana wa kule wanavyowaita wazee. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na petroli kidogo iliyobaki kwenye jenereta aliibania kwa ajili ya taarifa ya habari. Jioni akaiwasha. Sura ya Rais Olusegun Obasanjo ilipotokea kwenye televisheni, Daddy akaondoa sauti, akainuka, akaenda kabatini na kurudi na santuri.

"Kaa, mwanangu. Huyo unayemtazama, nataka umsikie akitajwa."

Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, nilikuwa namjua kwa Zombie, ule wimbo wa 1976 unaomsuta mwanajeshi asiyesogea mpaka aamriwe, na amri za kwata zimo humo humo. Dar es Salaam tuliucheza mpaka jasho. Hii ya Daddy ilikuwa Coffin for Head of State, yaani jeneza kwa mkuu wa nchi, iliyotoka 1981: wimbo mmoja tu, umejaza santuri nzima, unaanza upande wa kwanza na kumalizikia wa pili.

Fela hana haraka. Ala zinatangulia, gitaa linarudia lile lile, tarumbeta zinaingia na kutoka, na sauti yake bado. Daddy aliutumia muda huo kunisimulia. Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao elfu moja waliizingira nyumba ya Fela, namba 14 Agege Motor Road, ambayo mwenyewe aliitangaza kuwa jamhuri, Kalakuta Republic. Walipiga kila waliyemkuta, wakawadhalilisha wanawake, wakaichoma nyumba moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mwenye miaka 76, walimtupa nje kupitia dirisha la ghorofani. Hakupona. Aprili 1978 akafariki. Tume ya uchunguzi iliyoundwa ilisema waliofanya hayo ni wanajeshi wasiojulikana. Daddy alikuwa karani kijana wakati huo, na moshi wa nyumba ile aliuona kwa macho yake. Maneno hayo ya tume, "wasiojulikana", aliyatamka akiitazama televisheni isiyo na sauti, kwa sababu mkuu wa serikali ya kijeshi mwaka ule wa 1977 alikuwa Obasanjo huyo huyo.

Kisha kwaya ikaanza kuitikia Amen. Fela anatembea Afrika kijiji kwa kijiji, anaona watu wanateseka huku viongozi wa dini wanastarehe, Wakristo kwa Waislamu, na kila anachokisema kinajibiwa Amen. Mama mwenye nyumba, mtu wa kanisa kwelikweli, hakuupenda mahali hapo.

"Na baba yake alikuwa kasisi," akasema, "na babu yake pia. Nyimbo za dini alizaliwa nazo." Akaondoka kwenda jikoni.

Mimi nilibaki nimekazwa pale nilipokaa. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alifia kwenye korido ya hospitali moja, tukimsubiri daktari tangu asubuhi, na kila tuliyemuuliza alituambia tuwe na subira. Tulipokabidhiwa mwili tukaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitikia. Tukasafirisha, tukazika, tukaanua matanga. Ile Amen ya kwenye santuri ilikuwa sauti yetu sote makaburini, na niliposikia Fela anaendelea kuuliza juu yake, moyo ulinienda mbio.

Daddy akageuza upande. Wimbo sasa unataja: wameiba fedha, wameua wanafunzi, wamechoma nyumba, wamechoma na nyumba yangu, wamemuua mama yangu. Ndipo Fela anabeba jeneza kwa ajili ya mama yake. Hilo lilitokea kweli, mwaka 1979, Obasanjo akiwa karibu kukabidhi nchi kwa raia: Fela na watu wake walilipeleka jeneza Dodan Barracks, makao ya serikali, wakalitua getini. Anaimba hatua kwa hatua njia waliyopita. Anamtaja Obasanjo, anamtaja Yar'Adua, msaidizi wake, kwa majina. Hawakulitaka jeneza lile, anasema, lakini walilichukua.

Kwetu pia nimeona ndugu wakigoma kuzika mpaka wapewe majibu. Lakini sijasikia mahali pengine mtoto anayefanya matanga yake yawe mashtaka, tena kwa majina, wakati waliotajwa wako hai na wana nguvu. Kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Fela, na wanaoisikiliza kwa ajili ya mdundo peke yake wanaidhulumu.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesharudi kutoka jikoni, amesimama mlangoni. Yeye ni mtu wa Abeokuta, mji wa kina Fela na wa Obasanjo pia, na alitaka nijue kwamba mama yake Fela alikuwa mkubwa kabla ya mwanawe kushika saksafoni. Alikuwa amewaongoza wanawake wa sokoni kukataa kodi, wakakesha nje ya kasri, mpaka mwaka 1949 mfalme wao, Alake, akaachia kiti.

Nikawasimulia habari za korido. Daddy alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nani alikuwa zamu?"

Jina nilikuwa nalo. Akaniletea karatasi na kalamu, na kabla jenereta halijaishiwa mafuta nilikuwa nimeandika saa tuliyofika, tuliowauliza, na tulichojibiwa. Mgomo ulipokwisha niliituma barua kwa kaka yangu Dar es Salaam. Aliipeleka hospitalini mwenyewe, akakataa kuiacha kwa katibu muhtasari, akakaa kwenye benchi mpaka mganga mkuu alipotoka kuipokea.