Kumbe ini nalo hutoa sukari

Nimetoka kliniki na mamangu saa hii, tuko kwa matatu tunarudi Kayole na lazima niandike hii.

Ana kisukari, anatumia dawa inaitwa metformini. Asubuhi akipima kabla ya chai sukari iko juu, na nyumbani watu walikuwa wameanza kumuangalia vibaya eti anakula usiku wengine wakilala.

Leo mfamasia, kijana tu, akamwambia, "Mama, usiku ini lako ndilo linatengeneza sukari na kuimwaga kwa damu, na kwa mtu wa kisukari linapitisha kiasi. Hii dawa kazi yake kubwa ni kulituliza hilo ini. Haikamui kongosho itoe zaidi insulini, ile homoni ya kushusha sukari, ndiyo maana ikiwa peke yake ni nadra ikushushe sukari sana. Meza na chakula, tumbo lisikusumbue."

Mamangu akanyamaza.

Halafu akauliza polepole, "Kwa hivyo si mimi?"

Aki hilo swali limenikaa kifuani. Mtu mzima amebeba aibu ya wizi wa chakula kwake mwenyewe, na hajaiba chochote.

Nani mwingine mzazi wake sukari hupanda asubuhi hata kabla hajakula? Daktari aliwaambia nini?