Glavu sio glavu tu: mikono yangu ilivyopona

Nasuka na kuweka watu dawa hapa Moshi mwaka wa tisa huu, na kama kuna kauli inanikera kuliko ya mteja anayesema "dada nitakutumia jioni" ni ile ya "glavu ni glavu tu". Nani kasema? Hiyo kauli imenila Desemba nzima, na Desemba ya Moshi mnaijua wenyewe, watu wote wamepanda kutoka Dar, kila mtu anataka kichwa kipya kabla hajapandisha kijijini kuonekana, ukipumzika siku mbili tu wateja wako wameshahamia kwa jirani.

Ilianza hivi. Zamani nilikuwa natumia zile za nailoni zinazokuja bure ndani ya boksi la rilaksa, zile kuzivaa ni sawa na kuvaa mfuko wa maandazi, unaosha kichwa maji yanatelemka mpaka kwenye kiwiko, ukivuta mkono glavu inabaki kwenye sinki. Sasa mwaka huo nikasema nipande daraja, nikaenda famasi nikachukua boksi la zile nyeupe za mpira zenye unga ndani, vipande mia yaani jozi hamsini, elfu kumi na kitu. Nikajiona daktari kabisa. Haikupita mwezi mikono ikaanza. Navaa, dakika kumi tu, mabaka yanatoka mekundu yamevimba kama nimeng'atwa na mbu wa Njoro wote, jioni katikati ya vidole kumepasuka, nikikamua ndimu kwenye supu nalia.

Kila mtu akawa mganga. Bosi wangu (nilikuwa bado saluni ya mtu) akasema ni dawa inapenya, vaa mbili mbili. Nikavaa mbili mbili, ikazidi. Mwenzangu wa kusuka akasema fangasi, nikanunua dawa ya tyubu, wapi. Kuna mteja mmoja akaniambia taratibu kabisa nimwangalie yule wa saluni ya mtaa wa pili. Alafu shangazi yangu wa Kibosho, huyo ndo alinimaliza, akasema "mwanangu, paka mafuta ya mgando mengi, ndo uvae glavu juu, hutasikia kitu."

Nikapaka. Kichwa cha kwanza safi. Cha pili naona glavu imekuwa laini laini inateleza, nikadhani jasho. Cha tatu nipo katikati, nimeshapaka rilaksa nusu ya kichwa, nasikia kidole gumba kinapata baridi. Kuangalia, glavu imeachia, sio kutoboka, imelegea ikafunguka kama ngozi ya maziwa, na kidole changu chenye mipasuko kimo ndani ya rilaksa. Jamani ile dawa ina magadi makali, ni yale yale wanayotengenezea sabuni. Niliruka mpaka kwenye bomba la nje, mteja kabaki kwenye kiti, yake nayo imeanza kumchoma, anaita "dada! dada!" na mi naitikia "nakuja mpenzi!" huku nalia chini ya bomba. Ndo nikaja kujua baadaye kwamba mafuta na mpira haviivi, mafuta yanaula mpira. Shangazi nilimsamehe ila mpaka leo simwambii ninapoumwa.

Kwa vile mikono inauma na hela inaisha nikaingia kwenye ushauri mwingine wa bosi, kufua. Unafua glavu na sabuni ya unga, unapaka poda ya mtoto, unaanika nyuma ya saluni, kesho unavaa tena. Siku hiyo nilianika kumi na nne, upepo ukaja zikajaa, mikono kumi na nne inapunga na Kibo iko wazi kabisa huko nyuma, mtoto wa mteja akatoka kwenda chooni akarudi anapiga kelele. Asubuhi nikavaa moja nikasikia unyevu. Nikaivua nikaijaza maji pale pale kwenye bomba, nikafunga mdomo kwa mkono nikaminya, ncha ya kidole cha shahada ikatoa mchuruziko mwembamba kama uzi wa kusukia. Tundu lenyewe kwa macho hulioni. Nikajaribu nyingine, nayo. Nilipofika ya tano nikaacha. Mpaka leo nikifungua boksi jipya nachukua moja naijaza maji kwanza, ikivuja naanza kuliangalia boksi zima kwa jicho la pembeni, na hiyo ya majaribio naitupa, siivai.

Sasa kilichonifungua macho sio glavu, ni maputo. Ubatizo wa mtoto wa dada yangu, nikapewa kazi ya kupuliza. Nimefika kama la kumi na tano midomo inawaka, nikajua uchovu. Picha za siku ile nimefichwa nyuma ya mama mkwe wa dada kwa sababu midomo ilikuwa maandazi mawili. Wakasema kachumbari. Wakasema mbege.

Jumatatu nikapanda daladala ya hospitali ya KCMC, kliniki ya ngozi. Nimejiandaa kueleza rilaksa, piko ile rangi nyeusi ya nywele, shampuu, nimebeba na makopo kwenye mfuko. Daktari, kijana tu, kageuza mikono yangu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Ukila parachichi mdomo unawasha?" Nikanyamaza. Kwa sababu ni kweli unawasha, toka nikiwa sekondari, nilidhani parachichi linawasha kila mtu. "Na ukipuliza puto?" Hapo nikageuka kuangalia mlango, nikadhani nimeingia kwa mganga. Akanionyesha kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote hiyo: mabaka yalikuwa yanaishia pale pale glavu inapoishia, kwenye kifundo cha mkono, mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Ingekuwa dawa ingekuwa inaruka ruka popote.

Kumbe ni aleji ya mpira wenyewe. Zile glavu zinatengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, una protini ambazo baadhi ya watu mwili unazikataa, na matunda kama parachichi, ndizi na papai yana protini zinazofanana nazo. (Ndizi nashukuru Mungu hazinisumbui, Mchaga nikatazwe ndizi nihamie wapi.) Na ule unga ndani ndo mbaya zaidi, unabeba hizo protini hewani, ndo maana nilikuwa napiga chafya mwenzangu akivua zake. Marekani glavu za unga za hospitali walishazipiga marufuku toka 2017. Akanisisitizia kitu kimoja kwa ukali, nikienda kung'oa jino au kujifungua niseme kabla hawajavaa glavu, maana kuna watu wanabanwa pumzi. Vitu vingine vya mpira watu wazima mtamalizia wenyewe.

Usiku huo nikazama mtandaoni nikakuta habari imenichekesha. Glavu za upasuaji kule Baltimore zilianza kwa ajili ya mikono ya mwanamke. Mwaka 1889 hivi, daktari William Halsted alikuwa na nesi wake Caroline Hampton, dawa ya kuulia vijidudu inamharibu mikono, akaiagizia kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Mwaka uliofuata akamuoa. Mi wa kwangu alisema nalala nikijikuna kitanda kinatikisika.

Kununua nako kuna vituko. Daktari kasema naitraili, yaani mpira wa kiwandani usio na utomvu wa mti, tena isiyo na unga. Duka la kwanza mjini muuzaji kanipa boksi, "naitraili hizi dada, si unaona bluu". Elfu ishirini kasoro. Kesho yake nusu saa haijaisha, mabaka. Kuchukua boksi na kusoma vile vimaandishi vya pembeni, LATEX, yaani mpira ule ule wa utomvu. Wamepaka rangi tu! Kurudisha akagoma, limeshafunguliwa. Rangi haikwambii kitu, nimeshaona naitraili nyeusi, zambarau, mpaka nyeupe, wewe tafuta neno NITRILE kwenye boksi, usipoliona rudisha kabla hujatoa hela. Lile la bluu nilimpa bosi, alifurahi sana.

Alafu saizi. Miaka yote nachukua M kwa sababu kila mtu anachukua M, kumbe mi S. Glavu ikizidi kwenye ncha za vidole inanasa nywele, mteja anakuruka na kiti. Ikibana nayo inachanika, na naitraili ikipata katundu haivumilii, inapasuka mpaka kiganjani, kitu ambacho mi nakipenda kuliko ile ya mpira inayovuja kimya kimya. Kucha ndefu na pete sahau. Mkono uwe mkavu kabisa kabla ya kuvaa. Nikiosha kichwa nakunja ukingo wa glavu nje kama mkunjo wa soksi, maji ya dawa yakitelemka yanakaa kwenye huo mkunjo hayafiki kiwikoni, hii nimeigundua mwenyewe naomba nisifiwe.

Kosa langu la mwisho lilikuwa piko. Glavu nzuri, saizi nzuri, nimekolea kabisa, simu ikaita nikapokea nazo, mteja kanipa elfu kumi nikarudisha chenji nazo, nikafungua mlango. Jioni sikio langu jeusi, kitasa cheusi, na mteja kanipigia kwamba noti zake zina alama za vidole vitano. Saivi nikitaka kushika simu navua, nabana kwenye kiganja kwa nje navuta inajigeuza ndani nje, naikunja kwenye mkono wa pili, alafu naingiza kidole kisafi ndani ya iliyobaki nayo naigeuza, zinakuwa kifurushi kimoja, ndoo. Na kabla ya ndoo napiga mkasi, watoto wa jirani walikuwa wanaziokota wanapuliza.

Bosi wangu wa zamani bado anafua. Juzi nimepita pale nyuma nikahesabu kumi na mbili kwenye kamba, za bluu, upepo umezijaza, na moja kidole cha kati kimesimama peke yake kinaniangalia.