Mwezi unavuta maji, Mungu anafanya nini?

Leo nimebanwa na mtoto wa Kidato cha Tatu. Nilikuwa nasomesha kujaa na kupwa, somo ambalo hapa Pemba halitaki mbwembwe: kila mtoto ana mama, shangazi au jirani anayelima mwani, na anajua kuwa mwezi ukiandama au ukitimia, maji hupwa hadi mbali. Nikachora ubaoni ardhi, mwezi na jua. Vikiwa mstari mmoja, bamvua: maji hujaa na kupwa sana. Mwezi na jua wakivuta kwa pembe ya mraba, maji mafu: hayajai wala kupwa sana. Akanyoosha mkono: "Maalim, ikiwa yote hayo ni mvutano, Mungu kabakiwa na kazi gani?"

Nikamwambia kwenye mtihani aandike mvutano, akiandika Mungu simpi alama. Darasa likacheka. Jibu la mwalimu hilo, wala si baya, lakini tangu Alasiri nabishana nalo peke yangu.

Kilichonijia mwanzo ni habari ya Madina, mwaka 632. Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha mtoto. Hebu fikiria: baba ana msiba, watu wako tayari kuamini, muujiza umejileta wenyewe. Akaukataa. Jua na mwezi, akasema, ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu. Mkiona hivyo, swalini. Jua likaachiwa mwendo wake, na sala ikabaki pale pale.

Kinachonikera mimi si swali la mtoto, ni zile video za kwenye simu. Wanasayansi wakigundua jambo leo, keshokutwa mtu anatuletea aya kwamba lilikuwamo zamani. Mbona hakuisoma hivyo kabla? Na nadharia ikibadilika, aya tutaipeleka wapi? Katika hili namheshimu Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipohutubia mwaka 1951 kana kwamba sayansi hiyo inathibitisha uumbaji, Lemaître hakupendezwa. Alitaka hesabu zibaki hesabu. Upadri hakuuacha mpaka anakufa.

Halafu kuna Abdus Salam wa Pakistan na Steven Weinberg wa Marekani. Mwaka 1979 waligawana Tuzo ya Nobel, wao na Sheldon Glashow, kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumaku-umeme na nguvu dhaifu ya ndani ya atomu. Kwenye karamu kule Stockholm, Salam alisoma aya za Suratul Mulk katika Qurani: rudisha jicho, je, unaona kasoro yoyote? (Madhehebu yake, Ahmadiyya, najua yatazua mjadala, si leo.) Weinberg hakuamini kuwa yuko Mungu, na wala hakuficha. Nadharia ni moja, kila mmoja kaifikia kivyake.

Mimi nimo upande wa Salam, lakini hesabu si iliyonifikisha huko. Walionifikisha ni mama na chuo cha Qurani, na Alfajiri nyingi za baridi. Weinberg angenidai ushahidi wa kupimwa kwa mizani, nisingekuwa nao. Ila kwa nini uwepo mvutano wenyewe, badala ya kusiwe na chochote? Yeye aliweza kuishi na swali hilo bila ya Muumba. Mimi siwezi.