Tovuti ya mageti yangu: nilivyoijenga mwenyewe hapa Mamboleo

Ninachomelea mageti, milango na madirisha hapa Mamboleo, Kisumu, kando ya barabara ya kwenda Kakamega, na mwaka huu natimiza miaka kumi na mmoja. Muda wote huo hakuna ujumbe niliopokea mara nyingi kuliko huu: "Fundi, nitumie dizaini." Mmoja anajenga Siaya, mwingine Luanda kule Vihiga, mwingine ana ploti Ahero lakini yeye mwenyewe yuko kazini Doha. Kila mmoja namtumia picha ishirini kwa WhatsApp. Anazitazama, ananyamaza wiki mbili, kisha anarudi na kusema, "Lile geti la maua, la tatu kutoka juu." La tatu kutoka juu kwenye simu ya nani? Kwangu picha zilishafutwa zamani ili nipate nafasi.

Kuna geti moja la futi 10 kwa 7 ambalo sitalisahau. Nilikuwa nimelimaliza, limepakwa redi oksaidi, mikuki imesimama juu yake kwa mstari mmoja safi. Mwenyewe akaja na pikapu kulichukua, akasimama mbele yake, akaniambia, "Fundi, mimi nilisema lile la duara." Nikaikata mikuki yote kwa grainda, nikakunja duara upya. Siku mbili za kazi, pakiti nzima ya rodi, na hakuna shilingi niliyoongezwa. Jioni ile niliamua dizaini zangu zitakaa mahali pamoja, kila moja na namba yake, na mteja yeyote azione bila kuniomba.

Watu waliniambia Facebook inatosha. Ukurasa wa Facebook ninao na unaniletea wateja, siuachi. Lakini picha mpya huzamisha ya zamani, na geti nililochoma mwaka juzi hakuna mtu atakayeshuka hadi chini kulitafuta. Facebook inanifaa kwa kutangaza kazi ya leo. Mimi nilikuwa nataka daftari la dizaini.

Aliyenijengea tovuti mara ya kwanza alikuwa kijana mmoja wa mjini. Alidai elfu kumi na nane na kitu, nusu mbele, akaweka WordPress. WordPress yenyewe sina ugomvi nayo. Ni programu ya bure ya kujengea tovuti, ipo tangu 2003, na tovuti nyingi sana duniani zinaendeshwa nayo vizuri. Ugomvi wangu ni mzigo alioutwika. Nilikuja kuhesabu baadaye nikakuta plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, ishirini na mbili: ya kuzungusha picha, ya kudondosha theluji mwezi wa Desemba, ya kikapu cha ununuzi, wakati hakuna mtu duniani anayenunua geti kabla hatujapima nguzo zake. Na picha aliziweka kama zilivyotoka kwenye simu, megabaiti nne kila moja, nane zikizunguka pale juu. Yaani mtu akifungua ukurasa wa kwanza tu, zaidi ya megabaiti thelathini zimeenda. Mwalimu mmoja mstaafu wa Maseno, mtu ninayemheshimu, alinipigia akaniambia, "Fundi, tovuti yako imemaliza bando langu la leo na geti sijaliona." Sikuwa na la kumjibu, nilimwomba msamaha.

Haikuishia hapo. Baada ya miezi minane hivi, mteja akaniarifu kwamba akibonyeza jina la karakana yangu anapelekwa kwenye kurasa za kamari. Mimi! Mtu ambaye vijana wa karakana wananijua nilivyo mkali kuhusu mambo hayo. Kumbe kila plagini ni programu inayofanya kazi ndani ya seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, na isiposasishwa tundu likijulikana, wahuni huingilia hapo. Hakuna aliyeniambia kwamba kitu kile kinahitaji kuangaliwa kila wiki. Nikamtafuta kijana, namba haipatikani. Nikajaribu kuihamisha tovuti, nikaambiwa siwezi, kwa sababu domeini, yaani jina la tovuti, haikuandikishwa kwa jina langu. Iliandikishwa kwa jina lake, barua pepe yake, simu yake. Muda wake ukaisha, jina la karakana yangu likapotea, na kadi mia mbili nilizokuwa nimechapisha nikazitia jikoni.

Hili nalisema kwa uchungu, na naomba kila fundi alisikie: lipa mtu akujengee ukipenda, lakini domeini iandikishe wewe. Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KENIC, nawe unajiandikisha kupitia kampuni yoyote iliyoidhinishwa nao. Ni kazi ya nusu saa. La .co.ke linagharimu kama elfu moja na kitu kwa mwaka. Safari hii liko kwa jina langu kamili.

Katikati hapo nilijaribu pia zile huduma za nje ambazo unaburuta vipande kwa kidole na ukurasa unajijenga. Zinapendeza. Ila ya bure inakuwekea matangazo yao juu ya mageti yako, na ukitaka yaondoke unalipa kwa dola kila mwezi, na siku ukihama huondoki na ulichojenga. Nikaacha.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyekuwa amemaliza kozi ya kompyuta kwenye chuo cha ufundi. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu saa nne, vijana wamelala kivulini, yeye akaketi juu ya rundo la skwea tubu akaanza kunihoji. "Anko, hiyo tovuti itafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia ionyeshe dizaini, itaje bei ya kuanzia, mtu anipigie. "Itabadilika mara ngapi?" Labda mara mbili kwa mwezi. "Kuna mtu atalipia humo?" Hapana, nikishapima analipa kwa M-Pesa. "Kurasa ngapi?" Nikahesabu kwa vidole: ya kwanza, ya dizaini, ya mahali tulipo. Akacheka. "Anko, hizo ni faili tatu. Andika HTML, lugha ya kurasa za tovuti, kwa mkono wako."

Nilifikiri ananitania. Kisha akanionyesha mashine yetu ya kuchomelea. Ni ile ya koili, iliyosukwa hapa hapa na mafundi wa jua kali, nzito, watu wawili hawaibebi kwa raha. Ninayo inverter pia, nyepesi, nzuri, lakini ikizima naibeba hadi mjini nikamsubiri mtu mwingine aifungue. Ile ya koili ikiungua naifungua mwenyewe, nasuka waya upya, kesho tunachoma. Akaniuliza, "Unataka tovuti ya namna gani kati ya hizi mbili?" Tangu hapo sikumsikiliza mtu mwingine.

Nilianza na Notepad, ile iliyo kwenye kila Windows, kwenye laptopu ya mtumba. HTML ya ukurasa wangu niliielewa kwa jioni nne: kichwa, aya, picha, kiungo. CSS, ile inayopanga rangi na mpangilio wa ukurasa, ilinichukua muda zaidi, na mpaka leo kuna mistari mpwa wangu aliyoniandikia ambayo siigusi.

Sasa nisikilize kuhusu picha, kwa maana hapa ndipo nilipoteseka. Ukurasa ulikuwa tayari, picha kumi na mbili zimepangika vizuri kwenye laptopu yangu, nimefurahi mpaka nikamwita mke wangu aje kuona. Nikaupandisha kwenye seva. Asubuhi nikamwonyesha mteja kwenye simu yake: maandishi yapo, na mahali pa picha kuna visanduku vitupu kumi na viwili. Nikarudi kwenye laptopu, picha zipo! Nikatoka, hazipo! Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kumbe ndani ya faili nilikuwa nimeandika njia ya picha ikianzia na C:, yaani nimeuambia ukurasa ukazitafute ndani ya diski ya laptopu yangu. Kwangu inazipata. Simu ya mteja ina C: gani? Nikafuta njia yote nikaacha jina la folda na jina la picha tu.

Nikapandisha tena. Saba zikaonekana, tano zikakataa. Hii ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu majina yalikuwa sawa kabisa, nimeyasoma kwa sauti moja moja. Usiku wa saa sita nikaona: kwenye ukurasa nimeandika g5.jpg, na kamera imehifadhi G5.JPG. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi za tovuti zinaendeshwa na Linux, na Linux inajali. Kwake hayo ni majina ya faili mbili tofauti. Tangu usiku ule kila jina la faili kwangu ni herufi ndogo, bila nafasi katikati, na ninawaambia vijana hivyo hivyo.

Notepad niliihama kwa sababu ya alama moja ya nukuu. Nilisahau kuifunga kwenye kiungo cha geti la saba, na picha ya geti hilo ikatoweka, imemezwa ndani ya kiungo. Nilitafuta kosa kwenye picha, kumbe liko mstari wa juu yake. Mpwa wangu akanipakulia VS Code, programu ya bure ya kuandikia, ambayo inapaka rangi kile unachoandika. Ukiacha nukuu wazi, rangi inamwagika hadi mistari isiyohusika, unaona kosa papo hapo.

Kupunguza uzito wa picha natumia Squoosh, programu inayofunguka kwenye kivinjari na kazi inafanyika ndani ya kompyuta yako, huhitaji kupandisha picha kwa mtu. Upana pikseli 1000, na megabaiti nne zinashuka hadi kilobaiti mia moja na kitu. Maungio bado unayaona. Mwalimu wa Maseno nilimtumia kiungo yeye wa kwanza, akafungua dizaini zote akiwa ndani ya matatu.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni wa WhatsApp. Unaweza kutengeneza kiungo kinachoanza na wa.me, kisha mkwaju, kisha namba yako ikianza na 254 bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha, halafu ?text= na ujumbe wenyewe, ukiweka %20 penye nafasi kati ya maneno. Nikaweka kiungo hicho chini ya kila geti, kila kimoja na namba yake. Mteja akigusa, WhatsApp yake inafunguka na maneno yameshaandikwa: "Habari fundi, nataka geti G14." Yeye anabonyeza kutuma tu. Hakuna tena la tatu kutoka juu. Na kwa wale wanaopiga picha ya skrini badala ya kugusa, nina kipande cha bati nilichokipaka rangi nyeusi; naandika namba kwa chaki na kukiegemeza kwenye geti kabla ya kupiga picha. Namba inasafiri na picha popote inapokwenda.

Bei nimeziandika. Wenzangu wengi hapa barabarani wananilaumu, wanasema mteja aulize kwanza. Mimi naona anayeuliza bei mara tatu bila kujibiwa huenda kwa mwingine. Naandika "kuanzia", nataja geji ya bati na ukubwa wa tubu, na juu ya ukurasa naweka tarehe, kwa sababu bei ya chuma haitulii.

Mpwa wangu alinionyesha pia Hugo, programu inayotengeneza kurasa nyingi kutoka kiolezo kimoja. Ni nzuri kwa mwenye kurasa mia. Kwa tatu, ni kununua kreni ya kuinua dirisha. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, nayo ni ya bure, lakini tulisoma masharti tukakuta wamesema si mahali pa kuendeshea biashara, nikaona afadhali nilipie seva ya hapa nchini, kama elfu tatu kwa mwaka, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt kimo humo bila malipo. Cha bure kinaweza kukufungia duka.

Yule wa Doha ndiye aliyetuma ujumbe wa kwanza kupitia kiungo, usiku nikiwa nimelala: anataka G14, futi 12, na mlango mdogo wa watu upande wa kushoto. Asubuhi nilimjibu swali moja tu, la nguzo. Geti limesimama Ahero sasa, na jirani yake ameshatuma wake, G9.

Jana jioni tumemaliza la arobaini na moja, lenye mistari ya kulala na kufuli ya ndani. Bati jeusi liliegemezwa, kijana akapiga picha kabla jua halijazama. Iko kwenye folda: g41.jpg, kilobaiti 118.