Gari la kuwindia lisilonywa sana mafuta
Jamani nimezunguka kweli kutafuta foo wili (gari linalovuta kwa magurudumu yote manne) ya mkononi ya kwenda nayo kuwinda, maana Land Cruiser naipenda ila mafuta inayokunywa si ya mfuko wangu. Nimeangukia Suzuki Jimny, ile ya injini 1.3 petroli. Washkaji wananicheka eti kitoi, sawa, ila ina chesisi ya kweli (fremu ya chuma chini ya bodi), ekseli nzima mbele na nyuma (chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu) na gia ya low, ile ya nguvu nyingi mwendo wa polepole, ambayo Toyota RAV4 haina, halafu uzito wake kama tani moja tu kwahiyo kwenye tope inapita pale magari mazito yanapozama.

Kabla ya kutoa hela nililala chini na tochi, nikagonga gonga chesisi kwa bisibisi kutafuta kutu, fundi akafungua nati ya difu (kisanduku cha gia kwenye ekseli) tuone oili, maana ukiikuta rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameshaingia. Hii ilikuwa safi. Nikaweka 4L, yaani foo wili kwenye ile gia ya low, nikapanda kilima taratibu, kimya kabisa (kwenye lami kavu msijaribu, mtaua difu).

Shida ni nafasi tu, watu wawili, bunduki na hema buti imejaa, sasa mnyama utambeba wapi? Mwenye keria ya juu anicheki inbox.